Moshi wa Korosho Uwanjani: Kisa cha Majirani Wawili Mtwara na Mapatano Yaliyovunjwa na Upepo

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nilikuwa katibu wa vikao vyote nitakavyovieleza, na niliomba ruhusa ya pande zote mbili kabla ya kuandika. Majina sitaji, mtaa sitaji, na mambo ambayo yangemfanya mtu wa huku aitambue nyumba nimeyaondoa au kuyabadilisha. Ninakiandika kwa ajili ya wajumbe wa serikali za mitaa na yeyote anayeitwa kusuluhisha majirani. Sisi tulifanya bidii, tukapatana, tukashikana mikono, halafu mapatano yetu wenyewe yakamrudisha mtoto hospitali.

Mahali na watu

Eneo hili lilikuwa mikorosho na minazi. Wakazi wa mwanzo walijenga kidogo kidogo kwenye viwanja visivyopimwa, ukuta wa huyu ukielekea mlango wa yule. Kati ya mwaka 2012 na 2015, bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilipokuwa likijengwa, kila mwenye kipande cha ardhi alikimbilia kujenga vyumba vya kupangisha. Bomba likakamilika, wafanyakazi wengi wakaondoka, vyumba vikabaki na wapangaji wa kawaida: walimu, wauguzi, madereva wa malori. Lakini jina "watu wa gesi" halikuondoka. Ukihamia leo kutoka Morogoro utaitwa hivyo hivyo, hata kama bomba hujawahi kuliona.

Upande mmoja wa kisa ni mjane wa mvuvi, mwenye zaidi ya miaka sitini, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Anachoma na kubangua korosho uwanjani kwake tangu kabla ya nusu ya nyumba za mtaa hazijajengwa. Korosho zinatoka kwenye mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wajukuu wanazifunga kwenye vipakiti na kuwauzia abiria stendi. Kwa fedha hiyo wanne wanasoma.

Upande wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji, aliyehamia Agosti na mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Nitamwita Mwalimu. Dirisha la chumba cha mtoto linatazamana na mafiga ya Bibi, katikati kuna hatua kama kumi na tano.

Kazi yenyewe

Asiyewahi kusimama karibu na korosho zikichomwa hataelewa ugomvi huu, kwa hiyo nitaieleza kazi hiyo kwa kirefu.

Bibi huwasha kuni kwenye mafiga, juu yake huweka bati zito lililotobolewa matundu kwa msumari, kisha humwaga korosho ghafi zikaenea bila kupandana. Anachochea kwa mti mrefu, uso kaupinda pembeni. Baada ya dakika chache maganda huanza kutoa mafuta meusi. Mafuta hudondokea motoni kupitia yale matundu, moto unaruka hadi usawa wa kiuno, na moshi mzito unapanda. Hapo ndipo ujuzi ulipo. Akiepua mapema, ganda halipasuki. Akichelewa kidogo tu, viini vinaungua na hasara ni yake. Hulipindua bati lote mchangani, akazifukia korosho kwa mchanga ili moto ufe na mafuta yanyonywe. Zikipoa, wajukuu hukaa chini, kila mmoja na jiwe na kipande cha mti, wakapasua moja moja. Vidole huvipaka majivu.

Mafuta yale yana tindikali inayobabua ngozi kama maji ya moto, na yakiungua moshi wake huwasha macho na koo. Majivu husaidia lakini hayatoshi. Bibi alinionyesha ncha za vidole vyake: laini, nyeusi, hazina mistari. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa, mashine ilikataa kuvisoma. Kwa mtu mwenye kifua kizima moshi wa bati moja ni kero ya robo saa. Kwa mtoto mwenye pumu robo saa hiyo inaweza kuishia kwenye chumba cha dharura.

Mambo yalivyoanza

Mwishoni mwa Septemba, korosho za kwanza zilipoanza kuanguka, Bibi akawasha moto. Mwalimu alifunga madirisha siku mbili. Siku ya tatu alimtuma msichana wa kazi, binti wa miaka kumi na minne, akaseme: "Dada anaomba msichome, mtoto anaumwa." Bibi alimjibu binti kwamba moshi wa korosho haujawahi kuua mtu mtaa huu, akaendelea.

Mwalimu alimwambia mwenye nyumba, lakini huyo ni mkwe kwenye ukoo wa Bibi, akanyamaza. Basi akaenda kwa afisa afya wa kata. Afisa alifika siku iliyofuata akiwa na karatasi. Alimweleza Bibi, amesimama, kwamba Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakataza kero za namna hiyo na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kwamba akichoma tena ataandikiwa faini. Kwa sheria alikuwa sahihi. Bibi alinyamaza mpaka afisa akaondoka, kisha akasema maneno yaliyozunguka mtaa mzima kabla ya magharibi: "Amenishitaki kabla ya kunisalimia."

Wiki hiyo hiyo likazuka neno kangomba. Kwa wasiojua, kangomba ni kununua korosho ghafi mitaani kwa vipimo visivyo rasmi, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao unataka korosho zipite kwenye chama cha msingi na kwenda mnadani. Tangu msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likahusika na wakulima wakahakikiwa, neno hilo huku kwetu ni zito. Sasa ikasemwa kwamba Bibi ananunua korosho za wizi usiku. Nani alianza kusema, hatukujua. Bibi aliamini ni Mwalimu. Mwalimu aliniapia kwamba mpaka siku hiyo hakuwa anajua hata maana yake, na mimi nilimwamini, maana aliniuliza kama kangomba ni aina ya mti.

Mkutano wa mtaa

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano Jumapili alasiri chini ya mwembe. Walikuja watu zaidi ya arobaini. Ajenda ilikuwa moshi. Dakika ya kumi tulikuwa tunajadili mbuzi wanaokula mboga za wapangaji, maji machafu yanayomwagwa njiani, wapangaji wasiochangia ulinzi wa usiku, na ngoma za unyago zinazokesha likizo ya Desemba. Kijana mmoja akasema wapangaji wanakuja jana na kutaka kufunga vyungu vya wenyeji leo. Muuguzi mmoja akajibu kwamba kodi wanazolipa ndizo zinazojenga nyumba za hao wenyeji. Makofi yakapigwa pande zote mbili. Bibi aliinuka, akakunja mkeka wake, akaondoka. Mwalimu alibaki analia.

Nilipoandika muhtasari usiku ule niligundua kwamba katika saa mbili hakuna aliyeuliza moshi unatoka wapi, unakwenda wapi, saa ngapi. Hata mimi sikuuliza.

Kwenda kuona

Siku tatu baadaye mzee mmoja wa msikiti alishauri tuache mikutano. Akasema watu wawili hawa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Wanajuana kwa moshi na kwa maneno ya watu. Tukapanga wachache: mwenyekiti, mzee huyo, mama mmoja ambaye ni kungwi na anaheshimiwa na wanawake wa rika zote, afisa afya, na mimi.

Mama kungwi alimchukua Mwalimu mpaka kwa Bibi, asubuhi, na Mwalimu akaanza pale alipopaswa kuanza tangu Septemba. Alivua viatu, akapiga goti. "Shikamoo Bibi. Nimekosa, nilimtuma mtoto kwako." Bibi aliitikia marahaba bila kumtazama, lakini alimsogezea kigoda. Mwalimu alikaa pale mpaka bati la pili lilipopinduliwa. Alipasua korosho tisa, akapata lengelenge kwenye kidole gumba ambalo lilimkaa wiki nzima.

Usiku wa siku ile kifua cha mtoto kilibana, na mama kungwi alikwenda kumwamsha Bibi. Nilikuwapo mlangoni. Mtoto aliketi kitandani, mikono kaikita magotini, mabega yakipanda kila pumzi, nyama kati ya mbavu zikididimia ndani, na sauti kama filimbi nyembamba ikitoka kifuani. Bibi alisimama muda mrefu. Halafu aliuliza swali ambalo sote hatukuwa tumeuliza: "Mbona leo jioni sikuchoma?"

Kweli, alichoma asubuhi tu. Tukatoka nje na tochi, tukifuata harufu. Jikoni kwa Bibi kulikuwa na jiko la mafiga limejaa maganda ya korosho yanayofuka taratibu chini ya sufuria ya maharage. Maganda ni kuni za bure. Yanashika moto haraka na kufuka mpaka alfajiri. Tukazunguka. Nyumba nne za jirani zilikuwa zinapikia maganda hayo hayo, Bibi huwagawia. Mojawapo ilikuwa jiko la mwenye nyumba wa Mwalimu, upande wa pili wa ukuta wa mtoto.

Mapatano ya kwanza

Kesho yake tulikaa kwenye mkeka na kuandika mambo matatu. Kuchoma kuhamie kwenye kiwanja kitupu upande wa kaskazini, kupita nyumba ya Mwalimu, kwa sababu wakati ule upepo ulikuwa unatoka kusini na ungeupeleka moshi mbali na nyumba. Kuchoma kufanyike alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, watu wakiwa bado ndani. Na maganda yasitumike kama kuni katika nyumba zote tano. Pendekezo la alfajiri lilitoka kwa afisa afya. La kiwanja lilitoka kwa mwenyekiti. Bibi aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali. Mwenye nyumba aliahidi kumpa Bibi gunia moja la mkaa kila mwezi mpaka msimu uishe, badala ya maganda.

Kwa wiki kadhaa tulijisifu. Oktoba yote mtoto hakupelekwa hospitali hata mara moja.

Kaskazi

Wiki ya pili ya Desemba alipelekwa mara mbili ndani ya siku nne. Walimu wa madrasa iliyo kusini-magharibi mwa kile kiwanja nao walikuja kulalamika kwa mwenyekiti kwamba watoto wanasoma alfajiri huku wanakohoa. Hawakuwa wameitwa kwenye kikao chochote, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Tulikwenda kwa Bibi tukidhani amevunja mapatano. Alikuwa hajavunja hata moja. Alinyoosha mkono akatuonyesha majani ya minazi. "Kaskazi imeingia. Mlinihamisha mkiwa na macho ya kusi."

Ndivyo ilivyokuwa. Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kusi huvuma takriban Aprili mpaka Septemba, ikasinzia Oktoba; kaskazi huingia kuelekea mwisho wa mwaka mpaka Machi. Mapatano tuliyaandika kusi ikiwa katika pumzi zake za mwisho. Msimu wa korosho unashika kasi hapo hapo upepo unapogeuka. Sehemu tuliyoichagua kwa ajili ya kumwepusha mtoto na moshi ndiyo ikawa inamletea moja kwa moja. Na saa tuliyoichagua ilizidisha: alfajiri hewa ni baridi na imetulia, moshi haupandi, unalala chini na kuingia madirishani mwa watu waliolala. Saa nne asubuhi, upepo wa bahari unapoamka na ardhi imepata joto, moshi ule ule huinuka na kutawanyika.

Nilimuuliza Bibi kwa nini hakutuambia Oktoba. Alinijibu kwa upole: "Mliniuliza kama nakubali. Hamkuniuliza najua nini." Mumewe alivua maisha yake yote, na yeye miaka thelathini alikuwa anasoma upepo ili ajue saa ya kumtegemea arudi.

Tulipofikia

Safari hii Bibi ndiye aliyeanza kusema, na madrasa ililetwa. Alipendekeza mwenyewe kuchoma kuhamie shambani kwake, kwenye mikorosho, ambako hakuna nyumba karibu, kuanzia saa tatu asubuhi. Akina mama watatu wengine wanaochoma mtaani walijiunga, wakawa wanakodi guta moja kwa pamoja mara mbili kwa wiki. Korosho zinapasuliwa huko huko, maganda yanafukiwa shimoni, nyumbani vinarudi viini tu.

Gharama yake ilimwangukia Bibi. Awali alichoma siku tatu kwa wiki, sasa mbili, na analipa guta. Wajukuu hawawezi tena kupasua baada ya shule kwa sababu shamba ni mbali. Kwa vidole vyao nashukuru, kwa daftari zao nina wasiwasi. Mwenye nyumba alileta magunia mawili ya mkaa kisha akaacha, na Januari tulikuta maganda yanafuka tena usiku kwenye nyumba mbili. Bibi siku hizi anapikia matawi anayopogoa shambani.

Tangu katikati ya Januari mpaka Machi mtoto hakupelekwa hospitali. Sitaki kudai kwamba ni kazi yetu yote, maana mvua zilikuwa zimekolea na korosho za kuchoma zimepungua. Mwalimu na Bibi hawajawa marafiki. Wanaamkiana.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la Mwalimu na yeye amelikiri: kumtuma mtoto kwa mtu mzima. Huku kwetu ujumbe una uzito wa mjumbe. Neno lile lile likipelekwa na mama kungwi lingesikilizwa Septemba. Lakini sitamwekea mzigo wote. Alikuwa mgeni, mtoto wake anakosa pumzi, na mwenye nyumba aliyejua desturi alichagua kunyamaza kwa sababu ya undugu na kwa sababu kodi ilikuwa inaingia. Kwangu mimi huyo ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kulimaliza jambo hili kabla halijatoka uani, na ndiye aliyelipa kidogo kuliko wote.

Sheria ilikuja mapema mno na ikaja imesimama. Siipingi, bila afisa afya pengine mwenyekiti asingeitisha chochote. Ila faini isingeuzuia moshi wa maganda, kwa kuwa karatasi ilimtaja Bibi na bati lake, wakati nyumba tano zilikuwa zinafuka usiku kucha. Kisheria tungeshinda na mtoto angeendelea kubanwa. Ndiyo maana nasema kwenda kuona kulitufaa kuliko kikao chochote. Kutembea usiku na tochi kulichukua chini ya saa moja na kukabadilisha ugomvi wa watu wawili kuwa jambo la nyumba tano, na mtu mmoja akaacha kuwa mkosaji peke yake.

Mkutano wa hadhara ulifaa kwa jambo moja tu: ulituonyesha kwamba mbuzi, maji machafu na michango ya ulinzi ni mambo yanayongoja vikao vyake. Kuyaleta chini ya mwembe mmoja na moshi kuliwapa watu nafasi ya kuhesabiana uwenyeji.

Kuhusu mapatano ya Oktoba, niseme wazi. Tulimuuliza mchomaji ridhaa yake na hatukumuuliza ujuzi wake. Afisa alileta saa, mwenyekiti akaleta mahali, mimi nikaandika, na kati yetu sote hakuna aliyewahi kushika ule mti wa kuchochea. Aidha, hatukujiuliza moshi ukitoka hapa utakwenda kwa nani, ndiyo maana madrasa haikuwapo. Na tulimnyang'anya mtu kuni za bure kwa ahadi ya mdomo ya mtu wa tatu. Mapatano yanayomtaka maskini anunue mkaa kila wiki yatavunjwa usiku, na atakayevunja hatakuwa mtu mbaya. Ilitupasa kuandika mkaa utatoka kwa nani, tarehe gani, na asipoleta nini kifuatie.

Jambo ambalo bado linanikaa moyoni ni kangomba. Uvumi ule hatukuufuta. Tulidhani moshi ukiisha na neno litaisha. Mpaka leo kuna akina mama wa kikundi cha kukopeshana wanaosita kumdhamini Bibi, wakati mwenyekiti anazijua korosho zake na mikorosho yake kwa hesabu. Angeweza kusimama siku moja mbele ya watu wale wale arobaini na kusema anachokijua. Nimemwomba afanye hivyo kwenye mkutano ujao, na amekubali.

Mapatano mapya yana kipengele cha kukutana tena Aprili. Bibi ndiye aliyekitaka, na ndiye aliyenisomea maneno ya kuandika: "Kusi ikirudi, mniulize mimi kwanza." Nimeandika kama alivyosema, na wote tumetia saini, yeye kwa kidole kile kisicho na mistari.